Kuku wa Digrii Arobaini na Moja

Ofisi ile ilikuwa na maswali matatu, na aliyeshindwa kuyajibu hakuisikia ladha ya chai siku hiyo.

Bosi wao, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua kama inataka kuruka, alikuwa akija anasimama nyuma ya kiti chako, anaitazama skrini, kisha anauliza: "Kilele kiko wapi? Shimo liko wapi? Na kwa nini?"

Basi. Hakuongeza, hakupunguza.

Kazi yao ilikuwa kuonyesha hewa na maji yatakavyopita mahali kabla fundi hajakata bati wala kumwaga zege. Feni, mabomba ya moshi, pampu, vyumba vya kukaushia nguo. Unaichorea kompyuta kitu chako, inaikatakata hewa iliyomo ndani vijichumba milioni mbili, inapiga hesabu ya kila kimoja, halafu inakuletea picha ya rangi: nyekundu penye joto, buluu penye baridi. Kilele ni namba kubwa kuliko zote katika majibu hayo. Shimo ni ndogo kuliko zote. Kuzipata hakuhitaji akili, maana programu ina kitufe chake. Bonyeza tu, itapekua vijichumba vyote kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, kisha itachomeka bendera mbili, nyekundu kwenye kilele na buluu kwenye shimo.

Swali la tatu ndilo lililotoa watu jasho.

Injinia Nusu alikuwa bingwa wa maswali mawili ya kwanza.

Jina hilo alipewa na wenzake wiki aliyoanza kazi, walipogundua kwamba chuo alikiacha mwisho wa mwaka wa tatu, na masomo yenyewe ni ya miaka minne. Hakukasirika. Aliwaambia kwamba kihesabu yeye ni robo tatu, ila kwa vile hesabu zinawasumbua, nusu si haba. Ukimuuliza kwa nini hakumaliza, alikuwa na majibu saba, yote ya kuchekesha, na hakuna hata moja la kweli.

Utani ndio uliokuwa ugonjwa wake. Siku moja alikuwa akimsogezea Dada Rula kiti nusu sentimita kila alipoinuka, asubuhi mpaka jioni, hadi dada wa watu akaweka kiwiko akakuta hewa. Dada Rula alikuwa jirani yake wa meza upande mmoja (upande wa pili ni meza tupu ya dirishani, inayomngoja injinia wa pili), injinia kamili, mwanamke wa vipimo, ambaye hata chapati ya chai aliikata vipande sawasawa. Siku nyingine Nusu akabandika kibao kwenye mlango wa choo: SUBIRI NAMBA YAKO IITWE. Mhasibu akasubiri robo saa, amebana miguu, anauliza watu kama wameisikia namba yake.

Hapo ndipo Bosi alipochoka. Aliandika barua ya onyo akaituma kwa ofisi nzima ili asije mtu akasema hakuiona: utani mmoja zaidi, Nusu atarudishwa chini, kwenye chumba cha kuchapa na kukunja michoro, alikoanzia. Na kule chini hakuna dirisha.

Nusu akaapa. Akaacha utani wote kwa mkupuo, akausahau, kama mtu anayefagia chumba bila kuangalia chini ya kitanda.

Zikapita wiki tatu za amani. Dada Rula alikuwa likizo, dada yake kajifungua mapacha, na kazi aliyoiacha katikati Bosi akamkabidhi Nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa kazi nzima mwanzo mpaka mwisho, na ripoti yenyewe ingetoka na jina lake.

"Ukiiweza hii," Bosi alimwambia, "utakaa huku juu. Ukishindwa, unazijua ngazi zilipo."

Kazi yenyewe ilikuwa mashine ya kutotolea vifaranga.

Mwenye mashine walimwita Mama Vifaranga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya mto. Jumanne asubuhi aliingia ofisini bila kubisha, mikononi kashika trei ya mayai, akaitua katikati ya meza ya Nusu.

"Karibu, mama," Bosi akasema.

"Sijaja kwa kukaribia. Haya ni ya ile kona. Msiyatikise. Likipasuka moja tu, jengo zima mtahama."

Mhasibu akasogeza kiti chake nyuma, taratibu, bila kupumua.

Habari ya kona ilikuwa hivi. Mashine ile ni kabati la bati, refu kama mtu, lenye trei sita na feni juu upande wa nyuma. Mayai elfu moja na mia mbili yanakaa humo siku ishirini na moja. Kila awamu vifaranga walitoka vizuri kila mahali, isipokuwa trei ya chini kabisa, kona ya nyuma kushoto. Pale mayai arobaini yalikuwa viza, awamu nenda awamu rudi. Na mayai mengine yalikuwa yanafika Ijumaa.

"Haya, nipeni jibu," Mama Vifaranga akasema. "Kona yangu ina nini?"

Nusu akakohoa. "Mama, kwa mujibu wa kompyuta, kona yako haina neno. Ina joto zuri tu. Hakuna sehemu yoyote humo iliyo chini ya digrii thelathini na saba na nukta mbili."

"Hiyo kompyuta yako imeshawahi kuingiza mkono mle ndani?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimeingiza. Ile kona ni ya baridi kama salamu ya mke mwenza." Akamkazia macho. "Au ni kwa sababu aliyelitengeneza lile boksi ni mjomba wako? Unamfunika?"

Kweli, aliyelitengeneza alikuwa mjomba wake, fundi bati, ambaye Nusu alikuwa anaishi kwake. Mjomba naye alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo, na Nusu alikosea akayatoa.

"Mjomba anasema bati lake halina kosa. Anasema labda mayai yenyewe hayana baba."

"Hayana baba!" Mama Vifaranga akapiga makofi mara moja. "Mwambie majogoo wangu wamekonda kwa kazi! Kompyuta ikiona kona hii ina joto, basi iyaatamie yenyewe!"

Bosi akainua mkono mmoja kuwakatiza. Akaja nyuma ya kiti cha Nusu.

"Kilele?"

"Digrii arobaini na moja. Juu kidogo ya ile kona, kati ya mwisho wa trei ya tano na ukuta wa kushoto."

"Shimo?"

"Thelathini na saba nukta mbili, mlangoni."

"Na kwa nini?"

Nusu akatoa jibu ambalo kila mtu wa kazi ile hulitoa akibanwa. "Kilele hiki si cha kweli, Bosi. Kijichumba kibovu tu. Hewa imekatwa vibaya pale, namba ikaruka. Nitaiziba rangi isionekane."

Kuziba rangi ni kuiambia picha isionyeshe chochote kinachozidi kiasi fulani. Ofisi nyingi hufanya hivyo, na mambo huwa yanapita. Bosi akasogeza miwani juu ya pua, jambo alilolifanya mara mbili kwa mwaka.

"Nisomee namba yote. Na nyuma ya nukta."

"Arobaini na moja, nukta… sifuri, sifuri, sifuri, sifuri."

"Kijichumba kibovu kingekuletea namba ya kichaa, yenye mkia mrefu. Hewa haina adabu ya kusimama kwenye namba nzima. Namba nzima namna hii imeandikwa na mkono wa mtu." Akageuka kwa mgeni. "Mama, rudi kesho saa nne. Nusu atakuwa na jibu la kwa nini."

Walipoondoka, Nusu akabaki na skrini na harufu ya hofu, au labda ni mayai.

Akaivuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka bendera nyekundu ikajaa kioo chote. Hakuona kitu. Hewa tupu. Akawasha mishale, vile vimshale vidogo vinavyoonyesha hewa inaelekea wapi, na hapo akasogeza kiti mbele. Mishale ilikuwa inashuka vizuri kando ya ukuta, halafu ilipofika pale penye bendera ikagawanyika, nusu huku nusu kule, kama watu wanaokwepa dimbwi. Ilikuwa inakwepa kitu kisichokuwepo.

Akatafuta kwenye orodha. Mwisho kabisa, chini ya skrubu na bawaba, palikuwa na neno dogo la kijivu: vilivyofichwa, kimoja. Akabonyeza kionekane.

Akatokea kuku.

Kuku mdogo, mkubwa kama ngumi, ana upanga wa utosini, ana mkia, ana mdomo uliofumbuka kidogo kama aliyeingiliwa chumbani. Na kichwani amevaa kofia ya mahafali, ile bapa yenye pembe nne, pana kuliko kuku mwenyewe, kama ilivyo kwa wasomi wengi.

"Yallah," Nusu akanong'ona. "Ni wewe?"

Ikamrudia yote. Wiki tatu nyuma, Dada Rula alikuwa amepata shahada yake ya pili. Nusu akamchorea kuku msomi ndani ya mashine, akamficha asionekane ila kwenye majibu, na kwa kuwa aliamini utani usio na vipimo ni upuuzi, akampa na joto la mwili wa kuku wa kweli: digrii arobaini na moja kamili. Mpango ulikuwa Dada Rula aamke asubuhi, akute kilele, akitafute, amkute kuku, apige ukelele. Jioni ile ile mapacha wakazaliwa, Dada Rula akaondoka. Utani ukabaki peke yake gizani, haujaanguliwa. Sasa umeangukia kwa baba yake mwenyewe.

Jambo la kwanza alilolifanya ndilo ambalo yeyote angelifanya. Alimfuta kuku.

Akaiendesha hesabu upya. Ilichukua saa mbili. Katika saa hizo mbili alikunywa chai vikombe vitatu na hakumtania mtu yeyote, mpaka mhasibu akamuuliza kama anaumwa.

Majibu yakaja. Akabonyeza kitufe, bendera zikachomeka. Nyekundu karibu na hita, thelathini na nane nukta moja, mahali pake halali. Ya buluu ikaenda moja kwa moja, bila kusita, mpaka trei ya chini, kona ya nyuma kushoto. Thelathini na tano nukta nane.

Kona ya Mama Vifaranga. Mkono wa yule mama ulikuwa sahihi kuliko vijichumba milioni mbili.

Nusu akaegemea kiti. Ripoti ilikuwa imejiandika. Kona ni ya baridi, kosa ni la boksi, mjomba atanuna wiki mbili, basi. Kuku hayupo, hajawahi kuwepo. Nani atajua?

Ila kuna kitu kilimkuna. Kuku alipokuwepo, ile kona ilikuwa ya joto. Kuku alipoondoka, imepoa. Nusu aliwaza labda ni lile joto lake la mwilini, basi akamrudisha mahali pale pale, safari hii akiwa baridi: kuku wa bati, hana moto wake mwenyewe. Saa mbili nyingine. Vikombe viwili vingine.

Kilele, thelathini na nane nukta moja, kwenye hita. Shimo, thelathini na saba nukta moja, mlangoni. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa ya rangi ya chungwa, nzuri, sawasawa na wenzake.

Akaitazama mishale: ilikuwa inaigonga ile kofia bapa na kushukia konani. Halafu akacheka peke yake, kwa sauti, halafu akaacha ghafla, kwa sababu alikuwa ameona tatizo.

Angeweza kusema amebuni kibao cha kugeuza hewa. Angeonekana kichwa kweli kweli. Lakini Bosi alikuwa ameshaiona ile arobaini na moja, na ameshasema ni mkono wa mtu. Kesho angeuliza mkono wa nani. Akimtaja kuku, anazishuka ngazi. Asipomtaja, hana jibu la swali la tatu, na anazishuka ngazi vilevile. Tena, akimfuta kuku na kunyamaza, kona ya yule mama itabaki ya baridi na mayai arobaini mengine yatakuwa viza.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mjomba alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anapiga bati nyundo za hasira.

"Eh, mpwa! Yule mama kasema nini leo?"

"Kasema majogoo wake wamekonda kwa kazi."

"Uongo! Na kompyuta yako?"

"Kompyuta inasema kona ni ya baridi, Mjomba. Kosa ni la boksi."

Nyundo ikasimama hewani. Nusu akamsimulia yote haraka kabla haijashuka: kuku, kofia, arobaini na moja, mishale. Mjomba alisikiliza na uso mkavu mpaka kwenye kofia. Hapo mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye masizi, akabaki na miwani myeusi usoni.

"Kwa hiyo kuku wako ana shahada, wewe huna!"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na boksi langu mimi, miaka thelathini kazini, limefundishwa na kuku."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kesho utamwambia bosi wako?"

Mjomba akachukua kipande cha bati, akakipuliza vumbi, akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Haya, kofia upana gani?"

"Mjomba, sijasema nitamwambia."

"Mimi sijakuuliza hilo tena. Nimeuliza upana."

"Sentimita kumi na mbili," Nusu akasema. "Imeinama kidogo kuelekea ukutani."

Asubuhi, saa nne kamili, Mama Vifaranga alikuwa kwenye kiti. Na pembeni yake, amerudi kutoka likizo siku mbili kabla ya wakati kwa sababu mapacha hawakumwacha alale, alikuwa Dada Rula mwenyewe. Nusu alipomwona, akakaa kitini haraka.

Bosi akasimama nyuma ya kiti cha Nusu.

"Kilele?"

"Jana kilikuwa arobaini na moja kamili, Bosi."

"Shimo?"

"Lile la kweli ni thelathini na tano nukta nane. Kwenye kona ya Mama Vifaranga. Alikuwa anasema kweli tangu mwanzo."

"Ahaa!" Mama Vifaranga akapiga paja.

"Na kwa nini?"

Nusu akavuta pumzi. Kichwani majibu saba ya kuchekesha yalikuwa yamepanga foleni, kila moja linasema niite mimi. Akayaruka yote.

"Kwa sababu ya kuku," akasema. "Nilimweka mimi."

Akabonyeza. Kuku akatokea kioo kizima, na kofia yake.

Mhasibu alisimama taratibu nyuma ya meza yake ili aone vizuri. Dada Rula akasogea mpaka pua ikakaribia skrini, akaisoma ile kofia, akasoma maandishi madogo chini ya mkia: HONGERA DADA, SHAHADA YA PILI, SASA TAGA. Akashika mdomo. Ukelele uliocheleweshwa wiki tatu ukatoka wote kwa pamoja, na ulikuwa na kicheko katikati.

"Sasa taga! Wee! Sasa taga!"

Bosi hakucheka. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa juzi.

"Sijaisikia kwa nini," akasema. "Nimesikia nani."

Basi Nusu akaeleza. Alieleza kwa mikono, kwa kalamu, kwa kifuniko cha kikombe. Feni iko juu nyuma, inasukuma hewa ya moto kushuka kando ya ukuta wa kushoto. Hewa ikifika kwenye mwisho wa trei ya tano inajikwaa, inaruka kuelekea mlangoni, na ile kona ya chini inaipita kama mgeni anayepita nyumba yenye wagonjwa, anawaonea huruma lakini habishi hodi. Ile kofia, kwa kuwa ni bapa na imeinama, inaidaka hewa kabla haijajikwaa na kuishusha konani. Kuku mwenyewe hana kazi, amebeba kofia tu. Ila awe wa baridi. Akiwa na joto lake la digrii arobaini na moja ataua mayai ya jirani. Akawaonyesha picha tatu: na kuku wa moto, bila kuku, na kuku wa bati.

Aliongea dakika kumi bila kutia mzaha hata mmoja. Mwenyewe hakugundua. Dada Rula ndiye aliyetazama saa.

"Kofia umeiinamisha kiasi gani?" Bosi akauliza.

"Digrii ishirini na tano."

"Umejaribu thelathini?"

"Na kumi na tano pia. Leo, tangu alfajiri. Ishirini na tano ndiyo nzuri."

Bosi akashusha miwani. "Nilikuandikia nini kwenye barua, Nusu?"

"Utani mmoja zaidi, narudi chini."

"Na huyu si utani?"

"Ni utani, Bosi." Akaanza kukusanya kalamu zake.

"Samahani." Dada Rula alikuwa ameshika kipanya. Amefungua faili, anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Kuku ameumbwa tarehe kumi na tatu, saa kumi na dakika arobaini jioni. Barua ya onyo niliipokea nikiwa wodini na mapacha. Tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi." Akamgeukia Bosi, sauti kavu kama ya karani. "Barua inasema mmoja zaidi. Huyu si zaidi. Huyu ni wa kabla, kwa saa kumi na sita na dakika ishirini."

Mhasibu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutaka Nusu ashuke ngazi, akasema, "Kihesabu, ni kweli."

Bosi akatazama saa, akamtazama kuku, akamtazama Mama Vifaranga ambaye kwa dakika tano alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga yake.

"Mama, wewe mwenye mali unasemaje?"

"Mimi namtaka huyo kuku," Mama Vifaranga akasema. "Na kofia yake. Msinipe kibao kitupu, sitakipokea."

Kumbe hakukuwa na haja ya kuagiza. Alhamisi mchana Mjomba aliwasili kwenye banda la mashine na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amemkata kuku mzima, upanga, mkia na mdomo, na kofia ya sentimita kumi na mbili imeinama vile vile. Yeye na Mama Vifaranga walisalimiana kama mabalozi wa nchi zenye vita.

"Boksi langu lilikuwa halina kosa," akasema, akikaza ribiti. "Lilikuwa linangoja mtaalamu."

"Mtaalamu ameshafika," mama akajibu. "Na anavaa kofia, si kama wengine."

Ijumaa mayai yakaingia.

Ripoti ilitoka wiki ile ile. Bosi mwenyewe aliisoma ukurasa kwa ukurasa, picha ya kuku haikuzibwa rangi, na kwenye mstari wa aliyeandaa akauliza aandike jina gani. Nusu akasema andika tu lile wanaloniita. Bosi akafikiri kidogo, akaandika, akaifunga bahasha kabla Nusu hajasoma.

Siku ya ishirini na moja simu ya ofisi ikalia. Bosi akaiweka kwenye spika. Mwanzoni hawakusikia mtu. Walisikia mchakacho, kugonga kugonga, halafu piyo, piyo, piyo, makelele membamba yanayopandana juu ya mengine, kama mvua ya filimbi.

"Hiyo ndiyo kona!" Mama Vifaranga alikuwa anapiga kelele juu ya makelele. "Simu nimeiingiza konani! Mnasikia?"

"Tunasikia, mama!"

"Thelathini na sita! Kati ya arobaini, thelathini na sita! Na mmoja bado anagonga, mnamsikia? Huyo hapo! Gonga, mwanangu, toka!"

Ofisi nzima iliinama kwenye simu. Mhasibu alikuwa ameshika mikono ya Dada Rula bila kujua. Hata Bosi miwani ilikuwa imeanguka kifuani, na hakuihitaji, kwa sababu alikuwa amefumba macho.

"Shimo liko wapi, mama?" akauliza.

"Hakuna shimo! Mwambie Mjomba mayai yangu yana baba!"

"Thelathini na saba!" Nusu akapaza sauti, maana kwenye simu ganda lilikuwa limepasuka, na sauti mpya, yenye hasira kidogo, ilikuwa imejiunga na wenzake.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya kazi nyingi. Nusu aliinuka mara nyingi: chai, mafaili, chai, kumwonyesha mhasibu picha ya vifaranga kwa mara ya nne. Alihisi kama meza yake imekuwa mbali kidogo leo, lakini akadhani ni uchovu. Ilipofika jioni akaweka kiwiko chini ili aegemee, na kiwiko kikatua juu ya mbao asizozifahamu.

Akatazama. Hakuwa kwenye meza yake. Alikuwa kwenye ile meza ya jirani, tupu siku zote, iliyowekwa kwa ajili ya injinia wa pili. Ile ya dirishani. Jua la jioni lilikuwa limemwagika juu yake yote, na juu ya kibao kidogo cha bati kilichokatwa kwa mkono anaoufahamu, kimeandikwa: INJINIA ROBO TATU.

Nyuma yake Dada Rula alikuwa anafuta rula kwa kitambaa, polepole, uso mkavu.

"Nusu sentimita kila ulipoinuka," akasema. "Umeinuka mara mia mbili na kumi na nne. Punguza chai."

Nusu akageuka kumtafuta Bosi. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kwa nini?" Nusu akamuuliza.

"Hilo," Bosi akasema, "ni swali langu." Akatoka, na kule kwenye ngazi wakamsikia akicheka peke yake mpaka chini.